Majani ya Kunukia: Kutoka Shambani hadi Jikoni

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama wa chama cha msingi kimoja cha milimani, mbele ya Mkutano wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu cha Ushirika)



Nashukuru kwa heshima niliyopewa ya kusimama mbele yenu katika siku hii ya furaha. Walionitangulia wamesema juu ya hesabu za Chama, juu ya ghala na magari, na juu ya bei za mazao. Hayo ni mambo makubwa, na wenye kuyajua wameyasema vema. Mimi nimeombwa niseme juu ya jambo dogo, nalo ni jani. Jani bichi lichumwalo shambani asubuhi na kutumiwa jikoni siku ile ile. Huenda mtu akajiuliza moyoni, "Je, baada ya miaka kumi hatuna la kusema ila majani?" Namwomba mtu huyo anivumilie kidogo. Nataka kuonyesha ya kuwa jani hilo dogo, lisipojulikana nyumbani, laweza kuangusha mzigo wa chama kizima. Nami nitatoa ushahidi wa jambo hilo, kwa kuwa mwenye kosa alikuwa mimi mwenyewe.

MILIMA YETU NA MIMEA YAKE

Sisi tuishio katika Usambara ya Mashariki tumejaliwa ardhi yenye mvua nyingi, ukungu wa asubuhi na joto la kadiri. Watu wa mbali waliliona jambo hilo zamani. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha pale Amani kituo cha kuchunguza mimea na kilimo, wakaleta miche kutoka pande nyingi za dunia ili waone ni ipi itakayoshika katika udongo wetu. Bustani ile ingalipo, na msitu unaoizunguka umelindwa kwa sheria kama hifadhi tangu mwaka 1997. Kutoka milimani humu hushuka Mto Zigi, ambao maji yake hunywewa na watu wa mji wa Tanga.

Mazao yetu yajulikanayo sokoni ni hiliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Hayo ndiyo yaandikwayo kwa herufi kubwa katika vitabu vyetu. Walakini pembeni mwa mashamba hayo, na nyuma ya majiko yetu, ipo mimea mingine ambayo hatukuihesabu kuwa mali mpaka juzi juzi: mchaichai, mrehani, nanaa, kotimiri, kivumbasha, na rozimari kwa wale waishio juu zaidi penye baridi.

Nakumbuka ua wa bibi yangu, mzaa mama. Mahali palipomwagwa maji ya kuoshea vyombo palikuwa na nanaa, nayo ilipandwa ndani ya chungu kilichovunjika shingo, kwa sababu nanaa ikiachiwa ardhi hutambaa mpaka shamba la jirani na kuleta ugomvi. Ukingoni mwa tuta palikuwa na safu ya mchaichai, ambayo mizizi yake ilishika udongo usichukuliwe na mvua. Karibu na mlango palikuwa na kivumbasha. Jioni majani yake yalitiwa katika kaa la moto ili moshi wake ufukuze mbu. Na chini ya dirisha palikuwa na mrehani. Siku za harusi wanawake walikuja kumwomba bibi matawi ya rehani wafungie vikuba pamoja na asumini, wala hakumnyima mtu. Alisema tu, "Mjukuu wangu, wachumie, lakini usiukate mti ukauacha uchi."

Bibi alipofariki tuliurithi ua, lakini hatukurithi elimu yake. Tukaona ni ushamba kunywa majani ya ukingoni, tukanunua dukani pakiti zenye picha nzuri. Vyungu vikabomoka, nanaa ikafa kwa kiu, na mchaichai ukabaki kwa kuwa hauombi kitu. Basi Chama chetu kilipotangaza kwamba wako wanunuzi wa mchaichai mkavu, tulifurahi sana. Tulipanda safu kwa safu, tukakata, tukauza. Lakini mimi, Mabibi na Mabwana, niliuza mchaichai kwa muda wa miaka mitatu pasipo kuonja hata kikombe kimoja cha mchaichai wangu.

KOSA LANGU

Sasa nitawaeleza lile kosa. Ilikuwa mwaka wa tatu wa Chama hiki. Karani alituletea habari kwamba gari la kuchukua mzigo litafika baada ya siku mbili. Mimi nilikuwa nimechelewa kwa shughuli za msiba. Nikaingia shambani alasiri, mvua ikiwa imekatika punde tu, nikakata majani yakiwa yamelowa. Nikayakatakata na kuyaanika juu ya turubai kwa unene wa kiganja, kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo. Kesho yake jua lilitoka, na jioni nilipoyagusa kwa juu niliyaona makavu. Nikayatia katika magunia na kuyapeleka mzanini. Nilifurahi kuona mzani umepanda kuliko siku zote. Kumbe nilikuwa nikipimiwa maji.

Magunia yetu siku zile hayakuwa na alama. Yote yaliwekwa pamoja ghalani, na gari likachelewa siku kadhaa. Majani mabichi yakikaa ndani ya gunia hupata joto, na joto hilo huzaa kuvu. Kuvu hiyo haikai katika gunia moja, bali huambukiza magunia jirani. Mnunuzi alipoyafungua mzigo mzima ulirudishwa. Wanachama waliokuwa wameanika vizuri kwa siku nne na tano walikosa fedha zao pamoja nami niliyewaharibia.

Mkutano ukaitishwa. Kila mtu aliuliza ni nani aliyeleta majani mabichi. Kuna jirani yangu mmoja, mjane, ambaye shamba lake liko bondeni mahali ambapo ukungu hauondoki mapema. Mtu mmoja akasema, "Haya ni majani ya bondeni, tunajua," na wengine wakaitikia. Yule mama akasimama akasema, "Jamani, mimi nimeanika siku tano, juu ya uchaga, watoto wangu ni mashahidi." Hakuna aliyemjibu. Nami, ambaye nilijua, sikufungua kinywa.

Siku ya tatu mume wangu alishikwa na mafua. Jirani yule alipata habari, akaja kututazama kama ilivyo desturi ya ujirani, naye amechukua mfungo mdogo wa majani ndani ya kanga. Akaniambia, "Dada, nimekuletea mchaichai kidogo umchemshie shemeji; huu ni ule uliobaki uchagani." Nilipoufungua mfungo ule nyumba nzima ilinukia. Majani yalikuwa ya kijani, yakivunjika kwa sauti kama karatasi. Alipokwisha kuondoka nilikwenda nyuma nikaliinamisha gunia langu nililokuwa nimelirudisha, nikanusa mabaki. Yalinuka kama sakafu iliyolowa. Hapo ndipo nilipotambua ya kuwa sikuwa mwongo tu, bali pia nilikuwa mjinga wa mali yangu mwenyewe. Kama ningalikuwa na desturi ya kunywa nilichokiuza, pua yangu ingalinionya kabla ya mzani kunidanganya.

Asubuhi yake nilikwenda kwa katibu nikakiri, na mkutano ulipoitishwa tena nilikiri mbele ya wote na kumtaka radhi jirani yangu. Ilikatwa sehemu ya malipo yangu kwa misimu miwili, nami sikuona kuwa ni dhuluma. Yule mama alichaguliwa kuwa mkaguzi wa majani, na kazi hiyo anayo mpaka leo. Tangu siku ile kila gunia lina namba ya mwenyewe, na kando ya mzani wetu pana birika. Kabla gunia halijapokewa hutolewa chopa moja, hutiwa katika maji ya moto, nasi hunusa na kuonja pamoja. Wageni hucheka wakiona birika mzanini. Lakini tangu lilipowekwa, mzigo wetu haujarudishwa tena kwa ajili ya kuvu.

WAKATI WA KUCHUMA

Baada ya aibu ile niliona ni lazima nianze upya shule ya bibi yangu, nami nikaanzia jikoni. Nitawaeleza niliyojifunza, mengine kwa wazee, mengine kwa mabwana shamba, na mengine kwa kukosea.

Kwanza ni wakati. Harufu ya jani hutoka katika mafuta kidogo sana yaliyomo ndani yake. Katika nanaa na rehani mafuta hayo yamo katika vifuko vidogo mno juu ya ngozi ya jani. Ndiyo sababu ukiligusa tu mkono wako hunukia. Katika mchaichai yamo ndani ya jani, na hutoka likikunjwa au kupondwa. Mafuta hayo huruka upesi kwa joto. Basi uchume asubuhi, umande ukiisha kukauka na jua halijawa kali. Kwetu huwa kati ya saa mbili na saa nne. Ukichuma penye umande majani huwa meusi na kuoza. Ukichuma adhuhuri umechelewa, kwa kuwa sehemu ya harufu imekwisha kwenda na upepo.

Pili ni umri wa mmea. Nanaa na rehani huwa na nguvu zaidi karibu na kutoa maua. Ua likiisha kufunguka mmea hugeuza nguvu zake kwenda kwenye mbegu, na majani huwa madogo na machungu. Basi ukiona kishada cha maua kinaanza katika mrehani, kikate. Kotimiri nayo haikawii. Jua likizidi hupanda juu na kuchanua. Asiyetaka kuikosa apande kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili au tatu, wala asipande yote siku moja. Ile iliyochanua isitupwe, iachwe izae mbegu, maana mbegu yake ndiyo giligilani tuitiayo katika bizari.

Tatu ni mkono. Nanaa na rehani zisikwanyuliwe jani moja moja kutoka chini. Kata ncha ya tawi juu kidogo ya mahali majani mawili yanapokutana. Katika makwapa yake yatachipua matawi mawili mahali pa moja, na mmea utakuwa kichaka. Usichukue zaidi ya theluthi moja ya mmea kwa mara moja. Hilo ndilo bibi alilotaka kusema aliposema tusiuache uchi. Kotimiri ichumwe majani ya nje, moyo uachwe. Mchaichai ukatwe kwa mundu mkali, kiasi cha sentimita 10 hivi au zaidi juu ya ardhi, nao utachipua tena. Mvae mikono mirefu, kwa sababu kingo za majani yake hukata kama wembe. Kila baada ya miaka michache shina likizeeka ling'olewe na kugawanywa, vichipukizi vipandwe upya.

Na chombo cha kuchumia kiwe kikapu, kisiwe mfuko wa plastiki. Ndani ya plastiki jani hutoka jasho, na lililotoka jasho halifiki jikoni likiwa zima.

JIKONI

Majani yakifika nyumbani yaoshwe kwa maji safi, yakung'utwe, yasilowekwe. Kotimiri isimamishwe katika gilasi ya maji kama maua, nayo itakaa siku kadhaa. Nanaa ifungwe katika kitambaa chenye unyevu. Rehani isiwekwe katika baridi ya friji, kwa maana majani yake huwa meusi. Yaachwe katika maji, mahali penye kivuli.

Katika kupika iko kanuni moja iliyo rahisi kushikwa hata na mtoto: jani gumu hutangulia, jani laini hufuata. Mchaichai, rozimari na jani la mdalasini ni magumu. Hutiwa mapema ili yaachie harufu yake polepole. Kotimiri, nanaa na rehani ni laini. Hutiwa mwisho, chungu kikikaribia kuepuliwa au kikiisha kuepuliwa. Wengi wetu huitia kotimiri pamoja na vitunguu mwanzoni, kisha tukasema haina ladha. Ladha ilikuwako, nasi tuliifukuza kwa moto.

Chukua mfano wa mchuzi wa samaki. Mabua mawili ya mchaichai yapondwe kwa mchi upande wa chini ulio mweupe, yafungwe fundo, yatiwe pamoja na tui la pili na tangawizi. Samaki akiiva utie tui la kwanza, uchemshe kidogo huku ukikoroga, kisha uondoe fundo na kunyunyiza kotimiri iliyokatwa. Pilipili na ndimu kila nyumba ina kadiri yake. Mchuzi huo hauhitaji unga wa kiungo cha pakiti, na fedha iliyookolewa hununua sabuni au daftari la mtoto.

Kadhalika jani la mdalasini. Sisi humenya gome na kuliuza, na matawi huyaacha yaoze. Lakini jani lake likipondwa hutoa harufu ambayo mtu angedhani ni ya karafuu, na sababu ni kwamba mafuta ya aina moja, yaitwayo yujenoli, yamo kwa wingi katika jani la mdalasini na katika karafuu pia. Majani mawili katika pilau au katika birika la chai hutosha.

Na chai yenyewe ina adabu yake. Mchaichai mbichi ukunjwe, upondwe kidogo, uchemshwe kwa dakika tano hivi, na sufuria ifunikwe. Mvuke unaopanda juu ukinukia ni harufu inayokuponyoka. Nanaa isichemshwe, imwagiwe maji ya moto na kufunikwa kidogo. Mtu anayejua chai nzuri ya nyumbani hatapeleka gunia baya mzanini, kwa sababu pua yake imekwisha kufundishwa.

KUKAUSHA

Majani mabichi ni maji kwa sehemu kubwa. Nanaa ni maji kwa zaidi ya robo tatu ya uzito wake. Maji hayo ndiyo ya kuondolewa, na harufu ndiyo ya kubakizwa. Navyo vyote viwili hukimbia jua kali. Kwa hiyo yakaushwe kivulini, penye upepo, juu ya uchaga au mkeka ulioinuliwa, yatandazwe membamba na kugeuzwa kila siku. Yasianikwe juu ya ardhi wala kando ya barabara, ambako vumbi, kuku na mbuzi hupita. Usiyapime ukavu kwa kugusa juu, kama nilivyofanya mimi. Chukua bua nene kuliko yote, ulivunje. Likilia umefaulu, likipinda rudisha uchagani. Kisha yatiwe katika chombo kikavu chenye mfuniko na kuwekwa gizani.

TAHADHARI

Mabwana na Mabibi, mapenzi ya majani yasitufanye tusahau akili. Lile usilolijua kwa hakika usilichume, hata kama linanukia. Shamba lililopigwa dawa ya wadudu lisichumwe mpaka siku zilizoandikwa katika chupa ya dawa zitimie. Na wenye mashamba karibu na vijito wakumbuke kwamba maji hayo yanakwenda kunywewa Tanga. Mama mjamzito asinywe maji mazito ya majani kabla ya kuuliza zahanati. Moshi wa kivumbasha hupunguza mbu, lakini haushiki mahali pa chandarua. Na mtoto mwenye homa apelekwe akapimwe damu. Chai ya mchaichai ni kinywaji kizuri cha mgonjwa, lakini siyo dawa ya malaria, na aliyechelewa kwa kutegemea birika amejuta.

MAJANI NA USHIRIKA

Nije sasa kwenye jambo la mwisho, ambalo kwangu ndilo kubwa. Wako wanaosema ya kuwa mwanachama akichuma majani kwa ajili ya jiko lake anaiba katika mazao aliyokwisha kukiahidi Chama. Nawaheshimu wasemao hivyo, kwa sababu wanalinda ahadi yetu kwa mnunuzi. Ni kweli pia kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali. Lakini jibu si kuziacha nyumba zetu bila jani. Jibu ni kila nyumba iwe na tuta lake dogo la jikoni, mbali na safu za kuuza, lisilohesabiwa katika ahadi. Hatua mbili kwa tatu zatosha. Tuta hilo ni akiba ya mbegu safu zikifa, ni darasa la watoto, na ni mahali pa kupimia ubora wa tunachouza.

Jambo la pili. Kazi ya majani ni ya mikono midogo na subira, nayo aghalabu hufanywa na wanawake na vijana. Hata hivyo ukifungua daftari za vyama vyetu vya msingi utaona kwamba shamba limeandikwa kwa jina la mwenye nyumba, na malipo hupokewa na aliyeandikwa. Sisemi haya kwa kumlaumu mume wangu, ambaye yupo hapa na anajua ninamheshimu. Nasema kwa sababu mkono uchumao usipokuwa na jina katika daftari, hauoni haya kuleta majani mabichi, kwa kuwa hasara si yake na faida si yake. Mimi nilipoharibu mzigo wa wenzangu sikuwa na namba. Siku nilipopewa namba yangu mwenyewe nilianza kuanika kwa siku tano. Naliomba jambo hili liingizwe katika mambo ya kuzungumzwa na Mkutano Mkuu ujao: mchumaji aandikwe uanachama kwa jina lake. Na kwa kuwa mchaichai na nanaa havitaki shamba kubwa, kijana asiye na ardhi ila ua wa wazee wake aweza kuanza kwa vichipukizi kumi atakavyopewa na jirani.

Historia yatufundisha kwamba ushirika si mgeni katika nchi hii. Sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika katika Tanganyika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakaandikisha chama chao kikuu. Wazee wetu waliona pia siku za huzuni, mwaka 1976, vyama vikuu vilipovunjwa kwa amri ya Serikali, mpaka vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Kwa hiyo miaka kumi si kitu cha kudharau, wala si kitu cha kujivunia kupita kiasi. Chama chaweza kuvunjwa kutoka nje. Lakini chaweza pia kuozea ndani, polepole, kama gunia lililofungwa likiwa bichi, ambalo kwa nje hulioni kasoro yoyote mpaka siku linapofunguliwa.

Bwana Mwenyekiti, ninamaliza. Nilipoombwa kusema hapa leo nilikwenda kwanza kwa yule jirani yangu kumwuliza kama ananipa ruhusa kueleza habari ile mbele ya watu. Akanijibu, "Dada, yaseme, lakini usisahau kuwaambia kuhusu birika." Basi nimewaambia. Naye ameketi pale nyuma, na majani yaliyomo katika chai mtakayokunywa baada ya mkutano huu yamechumwa asubuhi ya leo katika tuta lake la jikoni. Mkionja, mtajua ni kitu gani tunachojaribu kukiuza, na kwa nini tusikubali kuuza kilicho pungufu yake.

Nawatakieni nyote heri. Chama chetu kidumu, na kila nyumba yetu iwe na jani la kunukia.